Wa Mwisho Kuitwa

Shule ya Msingi, Merigi
20 Mei 1996

Kwako Mwalimu Rodah,

Hunijui, na mimi sikujui ila kwa mwandiko wako. Naitwa Wamuyu, binti wa Mbuthia mwenye duka pale Kipkelion karibu na stesheni. Nimemaliza chuo cha ualimu mwaka jana, na muhula huu nimeletwa hapa Merigi kuchukua darasa la pili, lile uliloliacha Aprili ulipohamishiwa kwenu Chepilat. Mwalimu mkuu, Bwana Kipchirchir, alinipa anwani yako akasema nikishindwa nikuandikie. Nimeshindwa mapema, kama unavyoona.

Watoto si watundu. Afadhali wangekuwa watundu, hao nimezoea. Siku ya kwanza, saa nne kasorobo, nilikuwa ubaoni naandika hesabu. Nilipogeuka, watoto thelathini na wanne walikuwa wameweka kalamu chini, mikono tumboni, macho wamefumba. Hakuna aliyewaambia. Nikapiga makofi, hakuna aliyesogea. Nilichosikia ni pumzi zao tu, zikiingia pamoja na kutoka pamoja, polepole. Nakwambia ukweli, nilitamani kutoka nje.

Mwishowe msichana wa dawati la mbele, Nelvine, yule aliyeng'oka meno mawili, alifumbua jicho moja akaninong'oneza, "Madam, tuite." Nikachukua daftari la mahudhurio nikaita majina. Kila aliyesikia lake akafumbua macho. Baada ya hapo walifanya hesabu vizuri kuliko darasa la nne, na mimi nimeipenda kazi hiyo, sikufichi. Nataka unifundishe inavyofanywa.

Lakini kuna jambo moja. Nikimaliza kuita hawashiki kalamu. Wanatazama mlangoni. Nelvine akasema, "Bado Chelangat." Nikatazama daftari, na kweli yupo, wa thelathini na tano, umemwandika chini kabisa peke yake. Tangu Januari mpaka Aprili hakukosa hata siku moja, na mimi sijamwona kwa macho. Nimewauliza watoto yuko wapi, wakasema yuko tu hapo nje. Nikatoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ua wa shule, nikaona majani chai na lori la majani linapanda mlima, basi.

Walimu wenzangu nikiuliza wanakumbuka ghafla kwamba wana kipindi. Je, mtoto huyu ulihama naye? Mkaguzi anakuja mwezi ujao na nataka daftari liwe safi.

Mwenzako wa chaki,
Wamuyu


Chepilat, kupitia Sotik
28 Mei 1996

Mwalimu Wamuyu,

Barua yako imenifikia na nimefurahi. Niliogopa wangepewa mtu wa kiboko.

Kimya hicho nilikianza mwaka wa vita vya makabila, tisini na mbili. Lori likifunga breki barabarani, watoto walikuwa chini ya madawati kabla hujasema neno. Huwezi kumfundisha kujumlisha mtoto ambaye masikio yake yako barabarani. Wengine waliniambia niombe nao, nikaomba, lakini wakati wa sala walikuwa bado wanachungulia dirishani. Ndipo nikajaribu hili.

Waache waweke mkono tumboni. Waifuate pumzi ikiingia, waifuate ikitoka, kama mtu anayefuata ng'ombe malishoni: humpigi wala humvuti, unakwenda naye tu. Wazo likija, waliache lipite. Kisha wasikilize sauti ya mbali kabisa, halafu ya karibu, halafu iliyo ndani yao wenyewe. Usiwaulize haraka wamesikia nini. Na usiwarudishe kwa kengele. Waite kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Mtoto akisikia jina lake anajua kuna mtu aliyekuwa anamtafuta.

Kuhusu Chelangat, ni mtoto wangu. Uhamisho wake haujakamilika. Tafadhali usimfute. Mwite wa mwisho baada ya wote, halafu ungoje pumzi tatu. Na uangalie ni nani anayepiga chafya. Baridi ya Merigi wakati huu si nzuri kwa watoto. Ukimwona, niandikie jina lake.

Ni mimi,
Rodah


Merigi
6 Juni 1996

Dada Rodah,

Sasa nakuita dada, maana tumeshirikiana watoto. Kumbe Chelangat ni wako. Nilidhani ni mtoro wa kutisha, kumbe ni mtoto wa mwalimu anayengoja karatasi. Najua ofisi zetu zilivyo, mtoto atahama akiwa na ndevu. Nadhani amebaki hapa karibu kwa jamaa, na pale nje watoto wanapomtaja ni kwamba anapita. Ukipenda unielekeze nyumba hiyo, nitampelekea vitabu.

Nimefanya ulivyoniagiza. Wakimaliza kusikiliza nawauliza sauti ya mbali, na majibu yao ni ya ajabu. Noah anasikia mashine za kiwanda cha chai ambazo mimi sizisikii hata nikijibanza ukutani. Mwingine anasikia ng'ombe wao wakila. Lakini Jumatatu watoto wanne, waliokaa mbalimbali na hawakusemezana, walisema sauti ya karibu ni mtu mlangoni anavuta kamasi. Kama aliyekuwa analia na sasa amenyamaza, hivyo ndivyo walivyosema. Mlango ulikuwa wazi, mimi mwenyewe nimesimama hapo.

Sasa chafya. Jumatatu hakuna. Jumanne nilipomwita Chelangat, kabla ya pumzi ya tatu, Nelvine akapiga chafya kubwa mpaka nikacheka. Jana tena, jina lile lile. Leo tena. Nimempangusa pua, ni kavu kabisa, wala hana homa. Sijui kwa nini unataka kujua, ila mkubwa akiniagiza mimi natii, baba yangu anasema ndicho kitu pekee alichofaulu kunifundisha.

Wako,
Wamuyu


Chepilat
13 Juni 1996

Wamuyu,

Asante. Nimesoma barua yako mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimesimama.

Kwa mkono wa Bwana Nyang'au, anayepeleka ndizi soko la Merigi, nimetuma sweta. Ni ya kijani, nimeifuma mwenyewe. Mpe Nelvine. Utaona inamtosha.

Nisaidie jambo moja: anashika kalamu kwa mkono gani?

Endelea kumwita. Usiruke siku.

Rodah


Merigi
26 Juni 1996

Mwalimu Rodah,

Sweta ilimtosha. Mikono ilifika pale pale inapotakiwa kufika, kana kwamba ulimpima. Nikajiuliza ulimpima lini, nikajibu nafsi yangu kwamba wewe umelea watoto na una macho.

Uliuliza mkono. Wiki ile barua yako ilipofika Nelvine aliandika kwa mkono wa kulia kama siku zote. Tangu Jumatatu hii anaandika kwa wa kushoto, na mwandiko ni mzuri zaidi. Nilipomuuliza, akanitazama kama mimi ndiye nimekosea.

Jana nyanya yake alikuja darasani, yule ambaye watoto wote wanamwita Kogo. Alikuwa ameifunga sweta kwenye gazeti. Aliiweka mezani kwangu akakaa kwenye dawati la watoto, magoti juu, akaniuliza kwa upole ni nani aliyenifundisha kuita wafu juu ya watoto walio hai. Nikasema mimi naita watoto wa darasa. Akaniomba nimsomee jina la mwisho. Nikasoma. Akatikisa kichwa, akaniambia maneno haya, na nimeyaandika yote ili usije kusema nimeongeza:

"Kwetu mtoto akizaliwa, wamama wazee wanamtajia majina ya watu wetu waliokufa, moja moja. Akipiga chafya, basi huyo ndiye amerudi. Ni siku hiyo tu, Mwalimu. Nelvine alipata wake siku aliyozaliwa, mimi nilikuwa hapo. Sasa nyinyi mnaita mwingine juu yake kila siku, na mtoto anaitika."

Kisha akaniambia kwamba Chelangat alikufa Julai mwaka jana na kuzikwa kwenu Chepilat. Miezi yote hiyo uliyomwandika yupo, alikuwa udongoni. Daftari la Januari ulilianza upya kwa mkono wako, ukamwandika.

Kwetu sisi jina linajulikana kabla mtoto hajazaliwa. Wa kwanza wa kike ni wa nyanya yake mzaa baba, wa pili wa mzaa mama, mambo yanaisha. Sikujua kwamba kwenu jina linaulizwa na mtoto anajibu. Ningejua wapi? Walimu wote hapa walijua, hakuna aliyenifungulia mdomo, na wewe uliyejua kuliko wote ukaniambia habari za baridi.

Kogo amesema hatalitamka jambo hili sokoni, kwa sababu akilitamka, mimi mtu wa kuja sitalala Merigi siku mbili. Naelewa anachosema. Mwaka huo wako wa tisini na mbili sisi tulikaa wiki tatu kwenye stesheni ya Kipkelion na magodoro yetu. Umenitumia, Rodah, na nimeumia.

Nimemfuta kwa wino mwekundu. Simwiti tena.

Wamuyu


Chepilat
2 Julai 1996

Wamuyu,

Usingemfuta.

Sikukudanganya. Nilisema ni mtoto wangu, na ni wangu. Nilisema uhamisho wake haujakamilika, na haujakamilika. Nilimwita miezi mingi darasani mle na hakuna mtoto aliyepiga chafya hata moja. Kwangu hakuitika, kwako ameitika siku ya pili, na sasa anaandika kwa mkono wake wa kushoto. Sioni wivu. Nashukuru.

Hapa nyumbani Zeddy, mke wa shemeji yangu, yuko karibu kujifungua, na mama mkwe ananitazama kila ninapopita na ndoo. Najua anachotaka. Si kawaida kumwita aliyekufa mdogo, huitwa wazee, lakini yeye anasema mtoto aliyekatizwa huwa na haraka. Anataka Chelangat aitwe kwa mtoto wa Zeddy. Nimekataa. Hawatamwita nisipokubali, na sikubali. Akiitika pale, ni wa Zeddy. Atanyonya kwa Zeddy, atalala mgongoni kwa Zeddy, na mimi nitamwona akipita uani.

Lakini Nelvine ana miaka saba. Ana umri wake. Anaweza kukumbuka.

Shule zikifungwa Agosti nitakuja Merigi. Nitamwomba mama yake aniachie mtoto wiki mbili tu.

Mrudishe kwenye daftari, tafadhali. Hawataamka vizuri bila yeye.

Rodah


Merigi
8 Julai 1996

Rodah,

Soma hii ukiwa umekaa.

Alhamisi niliamua hakuna kimya. Saa tatu na nusu nikawasimamisha tuimbe, wimbo wa kuhesabu, wanaupenda. Ilipofika saa nne kasorobo wimbo ulikatika katikati ya mstari. Wakakaa, wakaweka mikono tumboni, wakafumba macho, nami nimebaki nimefungua mdomo na wimbo umebaki kwangu peke yangu.

Niliita majina thelathini na manne. Hakuna aliyefumbua. Zamani walikuwa wakifumbua na kutazama mlango, safari hii hakuna. Nikaita mara ya pili kwa sauti kubwa. Nikapiga kengele masikioni mwao. Nilimtikisa Noah na kichwa chake kikaegemea mkono wangu, kizito na laini, huku anapumua sawasawa na wenzake. Mvua ya mawe ilianza kupiga mabati, na unajua kelele yake, mtu hajisikii mwenyewe. Hawakushtuka. Bwana Kipchirchir alikuja kuona kwa nini hatukutoka mapumziko, akasimama, akavua kofia yake. Alisema tu, "Mwite, Mwalimu." Yeye mzee wa kanisa.

Nikamwita. Thelathini na watatu walifumbua macho wakaomba kwenda msalani. Nelvine hakufumbua.

Kogo aliletwa. Aliinama akamnong'oneza sikioni jina ambalo sikulisikia, la yule bibi wa zamani aliyemrudia siku ya kuzaliwa. Alilirudia mara saba ndipo mtoto akafumbua macho na kuomba maji. Nilimuuliza alikuwa wapi. Akasema, "Nilikuwa namngojea amalize kulia, Madam."

Tangu siku hiyo yuko nyumbani, na kila siku saa nne kasorobo anafumba macho. Ijumaa alirudi saa tano na nusu. Jumamosi saa saba. Jana ilikuwa kanisani, walimbeba mpaka nyumbani na alirudi saa nane. Kogo anahesabu mara anazomwita na kila siku zinaongezeka.

Simpendi mtu anayefanya jambo kama ulilolifanya wewe. Hata hivyo Kogo hakukasirikii. Amesema yule mtoto hana ubaya wowote. Ameitwa, amekuja, na hana pa kukaa. Mwenye kumpa pa kukaa ni mama yake, kwa watu wake mwenyewe, kwa njia inayojulikana. Mtoto wa Zeddy atakapozaliwa, mwache aitwe. Nakuomba.

Wamuyu


Chepilat
13 Julai 1996

Wamuyu,

Unajua unaniomba nini? Unaniomba nimzike mara ya pili, na safari hii nishangilie.

Nitakuambia jambo ambalo mume wangu halijui. Asubuhi ile Chelangat aliamka na joto. Nilidhani ni mafua. Alikuwa mwanafunzi wa darasa langu, hawa hawa wakiwa la kwanza, yeye wa thelathini na tano, lakini nikamwacha nyumba za walimu na jirani yangu Mama Kiptum, nikaenda kazini. Saa nne kasorobo tukaanza kimya. Watoto walikuwa wamekwenda mbali siku hiyo, walikuwa wazuri sana. Mama Kiptum akatokea mlangoni, mbio, viatu mkononi. Niliuona uso wake. Niliuelewa, Wamuyu, usidhani sikuuelewa. Lakini wale watoto, ukiwakurupusha kwa kelele, kwao ni vita vimerudi. Ilinichukua miaka mitatu kujua namna ya kuwafikisha watoto pale.

Nikamnyooshea mkono angoje.

Niliita majina yote. Sikuharakisha. Na mwishoni, kwa mazoea, nikamwita na Chelangat, kana kwamba yuko kwenye dawati lake. Halafu nikatoka. Nilipofika bado alikuwa na joto lakini hakuwa anapumua.

Daktari alisema malaria ya huku milimani huenda mbio, na dakika zile zisingesaidia. Madaktari ni watu wema. Nimepima mara nyingi kwa saa: kuita majina yale kwa sauti ya chini kunachukua dakika nne na nusu.

Kwa hiyo namwita. Nilimweka wa mwisho. Sasa anaitika, nawe unataka niwaambie wamama wazee wamchukue wampe mwingine. Siwezi. Nisamehe. Mwambie Kogo anisamehe.

Rodah


Merigi
17 Julai 1996
Kwa mkono wa Bwana Nyang'au

Rodah,

Bwana Nyang'au ananingoja na magunia yake, kwa hiyo sitapamba.

Sauti ya Kogo imekauka. Jana Nelvine alirudi saa kumi. Leo bado hajarudi na ni saa kumi na moja sasa, nimekaa kando ya kitanda chake naandika. Jana alipofumbua macho alimtazama mama yake mzazi, akamwamkia vizuri kama mtoto anavyoamkia mgeni, kisha akauliza nyumba hii ni ya nani. Mama yake alitoka nje. Wewe wasema nakuomba umzike wako mara ya pili. Huyu hajazika hata mara moja na ameanza kukaa kama waliofiwa, na wake yuko kitandani anapumua.

Nimeifikiria asubuhi yako ile siku nzima. Ulimngojesha jirani kwa sababu watoto thelathini na wanne walikuwa mikononi mwako, na ungewaacha wangeumia. Ningefanya kama wewe. Naapa ningefanya kama wewe, na sikuwa naweza kusema hivyo juzi. Lakini Nelvine alikuwa mmoja wao. Ulimwita siku ile akarudi. Huyo mmoja hujamaliza kumrudisha.

Anapakia sasa. Nimemwambia asimpe mtu mwingine barua hii ila wewe.

Wamuyu


Merigi
19 Julai 1996, Ijumaa

Rodah,

Nakuandikia haraka, sijui hata kama ulipata ile ya juzi.

Leo nilimwomba Bwana Kipchirchir anishikie darasa nikaenda kwa kina Nelvine mapema. Juzi na jana Kogo alimwita mpaka usiku na hawezi tena kusema, kwa hiyo alinikubalia anifundishe lile jina nimsaidie kuliita. Alininong'oneza, nami nitakufa nalo. Saa nne kasorobo mtoto akafumba macho. Tukamwacha kidogo ili tupumzishe koo.

Haijafika saa nne kamili, hatujaita hata mara moja, akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akamwona mama yake, akasema ana njaa. Alikunywa uji vikombe viwili, na kikombe alikishika kwa mkono wa kulia. Tulimkalisha mpaka jioni tukimwangalia kama maziwa jikoni. Hakufumba tena isipokuwa kupepesa. Nilimuuliza kuhusu yule mwenzake. Akasema ameondoka, wamemwita kwao.

Mama Nelvine analia na kucheka. Kogo amelala. Nami nimekaa uani kwao na kalamu hii, na wewe ndiye ninayekuwaza. Ikiwa ni wewe, sijui nikuambie asante au pole. Chukua zote mbili.

Mdogo wako,
Wamuyu


Chepilat
19 Julai 1996

Wamuyu, mdogo wangu,

Barua ya mkono ilinifikia jana mchana, Zeddy akiwa amejifungua alfajiri. Ni msichana.

Leo asubuhi wamama walikusanyika. Mke wa mchungaji naye alikuja, akasema amepitia chai tu, akakaa nyuma. Mama mkwe alianza kutaja. Alitaja mama yake mume wake, na dada zake, na wale wa Sotik, na mmoja aliyekufa wakati wa nzige ambaye mimi sijawahi kumsikia. Majina kumi na moja. Mtoto alipiga miayo. Wakamgusisha ugoro puani, akakunja uso tu. Wakarudia majina mwanzo mpaka mwisho, na mtoto akaanza kulia kile kilio cha kuchoka. Mama mkwe hakunitazama. Nadhani angenitazama, ningetoka nje. Wote wakawa wanatazama sakafu, na mtoto analia, na barua yako ilikuwa ndani ya nguo yangu hapa kifuani.

Nilimwita kama nilivyokuwa nikimwita darasani. Kwa sauti ya chini. Kisha nikangoja. Mtoto akaacha kulia. Pumzi ya kwanza akavuta, akatoa. Ya pili nilikuwa nikimwomba Mungu asipige chafya. Nakuambia ukweli wangu wote, niliomba hivyo.

Akapiga chafya. Ndogo sana, hata mama mkwe aliniuliza kama ni yenyewe. Nilisema ni yenyewe. Ndipo wakapiga vigelegele.

Amerudishwa kwa Zeddy, ananyonya. Nimemtafuta usoni na sijamwona. Pua ni ya Zeddy, masikio ya shemeji yangu. Mkono sijui, yote miwili ameikunja ngumi. Mimi kuanzia leo ni mama yake mkubwa, na nitakuwa mama mkubwa mzuri, nitajifunza. Nimelia mbele yao, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Niambie habari za Nelvine hata kama ni mbaya.

Sasa hivi mke wa mchungaji ameuliza mtoto ataitwa nani kwa jina la ubatizo. Watu wote wa nyumba hii wamenigeukia mimi. Nimewaambia wamuulize mama yake.

Rodah